Ampu nyepesi za gitaa kwa kazi za Lamu: ipi ya kupakia botini

Gari linakoma Mokowe. Kuanzia hapo kila kilo ya mzigo wako itashushwa ngazi za jeti, itaingia botini, itapandishwa ngazi nyingine upande wa Lamu, kisha itakwenda kwa mkono, kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda hadi mahali pa kazi. Shughuli ikiwa Shela, ongeza boti nyingine. Roland JC-120 imekuwa kipimo cha sauti safi ya transista tangu 1975, na bado ni ampu nzuri, ila ina kilo 28 hivi. Hamali ataibeba, lakini atauliza kama ndani mna saruji.

Basi hapa tunapima zile ambazo mpigaji anaweza kuzibeba mwenyewe na bado zikasikika mbele ya ngoma: Boss Katana 50 na 100 za toleo la MkII, Fender Tone Master Deluxe Reverb, Quilter Superblock US ikiwa na sanduku lake la spika, na Roland Cube Street EX. JC-40, mdogo wake JC-120, ina kilo 15.8 na spika mbili za inchi 10. Chorasi yake ni ileile tamu, lakini kwa uzito huo Katana 100 inakupa wati mara mbili na zaidi. Za valvu tumeziacha kusudi. Transfoma zake ni chuma kitupu, valvu ni kioo, na punda hana springi.

Transista inafaa pwani kwa sababu nyingine pia. Katika chakacha, bango, rumba na benga, gitaa la solo linataka sauti safi yenye ukali kidogo, ipenye kati ya kinanda na ngoma bila kukwaruza. Hiyo ndiyo kazi ambayo transista huifanya vizuri zaidi. Sharti lake ni akiba ya nguvu. Valvu ikizidiwa hulegea polepole na mkwaruzo wake hupendeza. Transista ikizidiwa hukata vilele vya wimbi ghafla, na nyuzi nyembamba zinalia kama bati. Ukisikia hivyo, usiongeze trebo wala usimlaumu mtengenezaji wa gitaa. Punguza besi kwanza. Uzi mzito wa mi unatetema mara 82 kwa sekunde, na masafa hayo ya chini ndiyo yanayomaliza wati. Ukirudisha besi hadi alama ya kinobu ielekee ilipo 10 kwenye uso wa saa, gitaa la besi litashika sehemu yake, nawe utapata nafasi ya kuongeza sauti bila kukwaruza.

Wati nazo huwadanganya wengi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu unahitaji desibeli kama 10, maana yake wati mara kumi. Kwa hiyo ukitoka Katana 50 ya kilo 11.6 ukaenda Katana 100 ya kilo 14.8, unaongeza kilo 3.2 begani ili upate desibeli 3. Spika inaweza kukupa kiasi hichohicho bure: spika yenye uwezo wa desibeli 100 kwa wati 1 inalingana na ile ya 97 iliyopewa wati maradufu. Kabla ya kuuliza wati, uliza spika.

Chukua mfano wa spika ya 97 na wati 50. Kwa mita 1 kilele chake ni kama desibeli 114. Mahali pa wazi kila umbali ukizidi maradufu zinapungua 6, basi mita 8 unabaki na 96. Hiyo inatosha bendi ndogo na wasikilizaji wa mbele, lakini haitoshi uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Pale ampu ni ya kukusikilizisha wewe na wenzako, na watu wanasikia kupitia mikisa, yaani meza ya kuchanganya sauti, na spika kubwa. Kwa sababu hiyo tundu la kupeleka sauti kwenye mikisa lina uzito katika tathmini hii kuliko wati.

Tuanze na Katana 50 MkII, ambayo wengi wataishia kununua. Ina spika moja ya inchi 12 na swichi ya nguvu yenye hatua tatu: wati 0.5, 25 na 50. Ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe, 25 inatosha na inabaki; kuta zile za chokaa zinarudisha sauti yote. Juu ya paa chini ya makuti iweke 50, kwa sababu sauti inatoroka pande zote na besi ndiyo inayotangulia kwenda. Sauti ya Clean ni safi kweli, haina joto jingi, na inapokea pedali bila ubishi. Nyuma kuna POWER AMP IN, tundu la maana kwa mwenye prosesa yake ya kutengeneza sauti: ukipitia hapo unaruka vinobu vyote vya mbele na kutumia nguvu na spika peke yake.

Kasoro yake kubwa inajitokeza saundicheki. Tundu lake la PHONES/REC OUT linazima spika unapochomeka kebo, kwa hiyo fundi wa mikisa akilitumia wewe jukwaani husikii kitu. Suluhisho ni kuweka maiki mbele ya spika, kama inchi 2 kutoka kwenye nguo, ikielekea ukingo wa kile kikofia cha katikati. Ukiielekeza katikati kabisa sauti itachoma, ukienda ukingoni mwa koni itafifia. Katana 100 ina LINE OUT ya peke yake isiyozima spika, pamoja na matundu ya SEND na RETURN, ya kutoa sauti iende kwenye pedali na kuirudisha ndani ya ampu. Hiyo ndiyo sababu ya kubeba zile kilo 3.2, wala si wati.

Jambo jingine la Katana linawachanganya wageni: ukichagua chaneli iliyohifadhiwa, vinobu vinabaki vilipokuwa huku sauti imebadilika. Kinobu kinaonyesha 3 na sauti ni ya 8. Ukikigusa kidogo, inaruka ghafla katikati ya wimbo. Kwa kazi za moja kwa moja bonyeza PANEL ili sauti ifuate vinobu, au hifadhi sauti mbili tu unazozijua na uache mikono mbali nazo. Sauti zile kumi zilizopakuliwa mtandaoni zitakuaibisha harusini.

Tone Master Deluxe Reverb ya Fender, iliyotoka 2019, ni mnyama mwingine. Kwa sura ni ileile Deluxe Reverb ya valvu, lakini ndani hamna valvu hata moja: kuna programu inayoiga saketi yake, nguvu ya Class D (aina ya ampu isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) ya wati 100, na spika ya sumaku ya neodimiamu. Ile ya valvu ina kilo 19 hivi, hii kama 10.4. Wati 100 hizo zisikuvimbishe kichwa, kwa sababu imetengenezwa itoe ukubwa wa sauti wa ile ya valvu ya wati 22, na zilizobaki ni akiba ya vilele. Nyuma kuna swichi ya kushusha nguvu: 22, 12, 5, 1, 0.5 na 0.2. Ukiishusha, ampu inakwaruza mapema kwa sauti ndogo, kitu kizuri kwa mkahawa wa Shela ambako wageni wanataka kuzungumza.

Tundu lake la XLR, lile la pini tatu, linaenda mikisa moja kwa moja, lina kiwango chake, linaiga spika iliyowekewa maiki, na halizimi spika. Kuna pia swichi ya kuzima spika huku mikisa ikiendelea kupata sauti. Kwa upande huo haina mshindani kati ya zile zenye spika ndani. Haina matundu ya SEND na RETURN, kwa hiyo dilei yako (pedali ya mwangwi) itapita mbele pamoja na pedali nyingine. Kwa sauti safi haitaleta taabu. Kwa anayekwaruza ampu yenyewe italeta tope. Bei yake inaumiza. Kama kazi yako ni sauti safi na riverbu, na unalipwa kila wiki, hii ndiyo tungeichagua kati ya ampu za kipande kimoja.

Lakini kwa safari za boti tungechukua Superblock. Quilter ni kampuni ya Pat Quilter, mwanzilishi wa QSC, watu wa ampu za kumbi kubwa, na Superblock US inaonekana kama pedali tu. Inatoa wati 25, inakula volti 24 kutoka kwa adapta yake, ina mionjo mitatu ya Kimarekani iliyoandikwa '57, '61 na '65, riverbu, SEND na RETURN, na XLR ya mikisa. Inaingia kwenye mfuko wa gitaa. Anayeruka hadi Manda kwa ndege ndogo, ambazo baadhi hukuwekea kikomo cha kilo 15 za mizigo, anabeba ampu, pedali na nguo, halafu anakuta sanduku la spika Lamu.

Wati 25 ni chache. Mpiga ngoma mwenye mkono mzito atakufunika mkiwa mahali pa wazi. Dawa yake ni XLR kwenda mikisa na kurudishiwa sauti kwenye monita, au sanduku lenye spika mbili, kwa sababu spika mbili zinaongeza hadi desibeli 3 bila ampu kubadilishwa. Angalia omu tu, yaani ukinzani wa spika: spika mbili za omu 16 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 8, mbili za 8 zinakuwa 4. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya ampu yoyote ya transista, inapata moto na kujizima, au inaungua. Ukipanda juu ya kiwango hapaharibiki kitu, nguvu inapungua tu. Tena, ampu nyingi za Class D hazina waya wa spika ulioungwa na chasisi (bati la ampu), waya zote mbili ziko hai. Usizigusishe na chasisi, na usitumie kebo ya gitaa kwenda kwa spika: uzi wake wa ndani ni mwembamba, unapata joto na kuiba nguvu.

Sanduku la spika ndilo jambo ambalo Lamu ina bahati nalo, kwa sababu mafundi seremala si wa kutafuta. Spika kama Celestion Neo Creamback ya inchi 12 ina kilo 1.9 tu kwa sababu ya sumaku ya neodimiamu, na inabeba wati 60 kwa desibeli 97. Mpe fundi vipimo hivi: upana sentimita 50, urefu 42, kina 27, plaiwudi ya milimita 12, ile inayotumika kwa boti ndiyo bora. Tundu la spika kipenyo chake milimita 283. Nyuma aache wazi kama theluthi moja katikati, ili sauti itoke pande mbili na mpiga ngoma naye akusikie. Aunge kwa gundi ya majini na skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Likikamilika na spika yake litakuwa kama kilo 8 au 9. Mti wa mbambakofi na auweke kwa milango, sanduku lake litahitaji watu wawili. Chipuboadi nayo ni nyepesi kwa bei tu: ikinywa unyevu inavimba kwenye pembe, skrubu zinalegea, na sanduku linaanza kuimba noti isiyoombwa. Kwa nguo ya mbele, kanga nyepesi ya pamba inafaa. Iweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kusukumana, sauti nayo itapita. Kikoi kizito kitameza trebo.

Cube Street EX ipo kwenye orodha kwa sababu umeme hukatika. Ina kilo 7.4 kabla ya betri, spika mbili za inchi 8 na twita, wati 50 zikigawanywa kulia na kushoto, na inakwenda kwa betri 8 za AA. Hatua zake ni 50, 25 na 10. Mwimbaji na gitaa moja ufukweni, hapana kitu rahisi zaidi, maana maiki mbili zinaingia humohumo. Kwenye bendi yenye ngoma inapotea. Sauti yake ni ya kusambaa, haina ule mkuki wa spika ya inchi 12. Betri ziwe za kuchajiwa za NiMH, seti mbili, na zitoe kabla ya kuiweka kabatini. Betri iliyovuja kwenye hewa ya chumvi inakula springi za mawasiliano kwa wiki chache.

Chumvi yenyewe inataka maneno zaidi. Tatizo la kwanza kuonekana kwenye ampu ya pwani ni matundu ya jeki, kabla hata ya spika. Tundu la RETURN lina kiswichi kidogo ndani kinachopitisha sauti pale usipochomeka kitu. Kikishika kutu sauti inakuwa hafifu, inakatika, inarudi ukigonga ampu. Watu hupeleka ampu Mombasa kwa ajili ya hilo. Jaribu kwanza kebo fupi kutoka SEND kwenda RETURN: sauti ikirudi, umempata mwizi. Puliza dawa ya kusafisha mawasiliano ya umeme, ingiza na kutoa jeki mara kumi au zaidi. Vinobu vinavyokwaruza vinapata dawa hiyohiyo huku vikizungushwa mwanzo hadi mwisho. Mafuta ya bawaba yaache kwenye bawaba, yanakusanya vumbi na mchanga. Ampu ya programu kama Katana au Tone Master isipuliziwe ikiwa imewashwa, na iachwe ikauke vizuri kabla ya kuchomekwa.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, chuma cha ndani ni baridi na hewa ni mvuke. Maji yanatanda kwenye bodi. Iache nusu saa ndipo uwashe. Isiyotumika sana iwashe japo saa moja kila wiki. Joto lake lenyewe linafukuza unyevu. Botini isikae sakafuni, kwenye maji ya chini, hata ikiwa imefunikwa turubai. Ikae juu ya ubao, imesimama, na kitu laini mbele ya spika.

Umeme wetu ni volti 240. Ampu ya mtumba iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, na muuzaji hatakwambia. Soma bamba la nyuma mwenyewe, usiamini plagi, maana plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Ikiandikwa 100–240 ni salama. Ikiandikwa 120 peke yake utahitaji transfoma ya kushusha, na hapo zile kilo ulizokimbia zimerudi. Kwa hoteli za jenereta, acha lizunguke dakika kadhaa kabla ya kuchomeka, na tumia kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme ukirudi. Ampu na mikisa zichomekwe kwenye ekstensheni moja. Hiyo inapunguza mvumo, na inakuepusha na kile kichomo cha midomo unapogusa maiki huku umeshika nyuzi. Kichomo kikiendelea, soketi haina athi (waya wa ardhini), zima, msipige. Kukata pini ya athi ili mvumo uishe ni kujitega mwenyewe.

Na matengenezo? Hapa Tone Master na Katana zinapoteza alama. Bodi zake zina vipande vidogo kama chembe za mchele, na zikifa mara nyingi hubadilishwa bodi nzima. Superblock ikiharibika adapta, unatafuta nyingine ya volti 24 yenye ampea na ncha zile zile. Anayetaka kitu ambacho fundi wa redio anaweza kukifungua na kukifufua atafute Peavey Bandit 112 ya zamani. Ina transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupoza, na nguvu ya kutosha sherehe yoyote, lakini inapita kilo 18. Akubaliane na hamali mapema.

Dukani, usijaribu ampu kwa dakika mbili za solo. Iwashe bila gitaa, fungua vinobu vyote, usikilize: mvumo wa juu kama upepo ni kawaida, mngurumo mzito wa umeme si kawaida. Tikisa kila jeki. Piga uzi mzito wa mi wazi kwa nguvu, kisha panda fret moja moja hadi ya 12. Kitu kikilia ndani, ni sanduku au spika. Bonyeza koni kwa vidole vinne vilivyogawanyika sawa, polepole. Ukisikia msuguano, koili imepinda au imeshika kutu. Kisha iache ikipiga nusu saa kwa sauti ya jukwaani na ushike nyuma. Joto ni sawa, harufu si sawa.

Kwenye mfuko weka fyuzi za akiba za plagi, na za ampu pia kama ina kishikilia fyuzi nyuma, zenye namba ileile, zikiandikwa T ziwe T, pamoja na kebo mbili za gitaa, ile fupi ya SEND, na ekstensheni ya mita 10. Soketi ya hoteli huwa upande wa pili wa jukwaa.